Paa la kibaraza linavuja masika na kuchoma kiangazi: tafuta chanzo kabla ya kununua silikoni

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeongezewa kibaraza baada ya wenyewe kuhamia. Kimezungushiwa madirisha ya alumini, na juu pamewekwa mabati, au plastiki angavu ya polikaboneti ili mwanga uingie, au vyote viwili kwa kuchanganya. Paa lake ni la kuegemea: upande wa juu limeshikana na ukuta wa nyumba, upande wa chini limekaa juu ya nguzo. Masika yakianza mwezi Machi malalamiko ni yale yale: ukuta umelowa, dari imeweka madoa, makochi yamesogezwa kona. Ikifika Desemba lalamiko linageuka, kwamba mchana hakukaliki.

Wengi hukimbilia mirija ya silikoni na kupaka kila wanapoona tundu. Pesa hiyo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu mahali tone linapodondokea si mahali maji yalipoingilia. Maji yakishapenya chini ya bati hufuata papi, yaani zile mbao za kulala zinazobeba mabati, au ukingo wa mbao, hutembea mita nzima au zaidi, ndipo yanaachia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta njia yake, na kazi hiyo haina gharama.

Chagua siku kavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi na kipande cha chaki, mwingine apande ngazi na mpira wa maji. Kama maji ni ya mgao, ndoo na kopo vinatosha. Anza kumwagia sehemu ya chini kabisa ya paa, hatua moja kwa wakati, na subiri dakika tano kabla ya kupanda juu zaidi. Usianze juu, kwa sababu maji yatateremka yapite kila mahali na hutajua ni tundu lipi limeyaingiza. Aliye ndani atie alama pale anapoona unyevu wa kwanza, kisha afuate kwa tochi kuelekea juu ya mteremko. Ukuta unapokutana na paa uwe wa mwisho kujaribiwa.

Kabla ya kupanda, soma hili kwanza. Usikanyage polikaboneti wala faibaglasi hata kidogo, haibebi mtu. Kwenye bati kanyaga juu ya mstari wa misumari tu, maana ndipo papi ilipo, na tandaza ubao wa kugawa uzito. Usipande paa limelowa wala upepo ukivuma. Angalia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya TANESCO unashukia wapi. Kama unapita karibu na paa kiasi kwamba mkono au ngazi ya chuma inaweza kuufikia, kazi hiyo si yako.

Ukuta wa nyumba unalowa, maji yanateremka kwa ndani

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo panapotaka subira kuliko kwingine.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni flashingi, yaani lile bati lililokunjwa linaloziba pengo kati ya ukuta na paa. Fundi aliyeongeza kibaraza mara nyingi huligongomea juu ya plasta kwa misumari na kupaka saruji kwenye ukingo. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, saruji haifanyi hivyo kwa kiasi kile kile, na baada ya misimu michache saruji inaachana na bati. Pengo la unene wa kucha linatosha. Isitoshe, saruji mbichi hula zinki ya bati, ndiyo maana ukibandua utakuta kutu imefuata mstari wa saruji.

Chunguza kwa kupitisha kisu chembamba kwenye ukingo wa juu wa flashingi. Kikizama nyuma ya bati, umepata jibu. Tiba ya haraka ni kubandua saruji iliyolegea, kusugua kwa brashi ya waya, kufuta vumbi hadi pakauke kabisa, kisha kubandika tepu ya lami yenye foili ya alumini, nusu ukutani na nusu kwenye bati. Tepu haishiki kwenye chokaa inayomomonyoka wala kwenye rangi inayobanduka, kwa hiyo kwangua hadi ufike kwenye plasta ngumu. Itakuvusha msimu, pengine miwili mitatu.

Tiba ya kudumu ni fundi kuchonga mfereji ukutani kwa grainda, kina cha sentimita mbili au mbili na nusu, ukingo wa flashingi ukunjwe na kuingizwa humo, kisha mfereji uzibwe kwa silikoni isiyonuka siki. Nasisitiza hilo la siki: silikoni ya bei rahisi inayotoa harufu kali ya siki inapokauka hula zinki na inaweza kupasua polikaboneti. Mweleze muuzaji wa hadwea unataka ile ya kawaida ya paa isiyo na asidi, na usome mrija kabla ya kulipa. Flashingi nayo ipande ukutani sentimita 15 na ilalie bati sentimita 15 au zaidi. Ile ya upana wa kiganja haitoshi kwa mvua yetu.

Sababu ya pili ni paa kubwa la nyumba. Watu huitafuta kwenye kibaraza kumbe iko juu yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba likiwa na mita za mraba 60 upande wa kibaraza, mvua ya milimita 50 italeta lita 3,000, na zote zitashuka juu ya kibaraza chako kama gata la juu, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, limeziba au halipo. Maji hayo hupiga kwa nguvu, yanaruka kinyumenyume na kuingia chini ya flashingi hata ikiwa nzima. Safisha gata kwanza. Majani ya mwembe na mkungu huziba mdomo wa bomba, na kunguru wa mji huu huleta vijiti na mifupa. Usipange kazi nyingine yoyote kabla ya hiyo.

Mara chache zaidi, ukuta wenyewe ndio unaoingiza maji: ufa wa plasta juu ya flashingi, au tofali lisilopigwa plasta upande unaopigwa na mvua. Ukimwagia ukuta peke yake, bila kugusa paa, na ndani pakalowa, basi flashingi haina hatia.

Simamisha kazi na ita fundi wa ujenzi ukiona ufa unaoongezeka upana, au kibaraza kinaachana na nyumba. Hapo huenda msingi wa kibaraza unatitia. Kwenye maeneo ya bonde na udongo wa mfinyanzi hilo si jambo la kushangaza, na hakuna tepu itakayolizuia.

Tone moja moja katikati ya paa

Angalia misumari. Misumari ya kofia iliyopigwa miaka mingi iliyopita hujing'oa polepole kwa sababu bati linatanuka na kusinyaa kila siku. Skrubu nazo zina washa, kile kiduara cha mpira chini ya kichwa chake, na mpira ukikaa juani miaka mingi hukauka na kupasuka. Geuza washa kwa kidole: ikizunguka, imekufa.

Angalia pia mahali zilipopigwa. Bati la mawimbi hupigiwa msumari juu ya mgongo, siyo kwenye bonde maji yanakopita. Kuna mabati ya migongo mipana ambayo mtengenezaji anaruhusu skrubu bondeni, lakini hapo washa lazima iwe nzima na imekazwa sawasawa. Ikikazwa kidogo inavuja. Ikikazwa sana mpira unabinuka na kupasuka. Sawasawa ni pale mpira unapoanza kuchungulia pembeni mwa kofia yake.

Kubadilisha ni rahisi: ng'oa msumari, weka skrubu nene kidogo kuliko tundu, yenye washa mpya. Skrubu isipokamata, mbao ya chini imeoza au imeliwa na mchwa. Gonga papi kwa mpini wa nyundo. Sauti ikiwa ya uwazi, au ukiona vijia vya udongo, usiendelee kukaza skrubu kwenye mbao iliyokufa. Pigilia papi mpya iliyotiwa dawa ubavuni mwa ile ya zamani. Kama ni papi zaidi ya mbili tatu, au boriti inayobeba papi nayo imeguswa, ita fundi wa kupaua kabla mtu hajapanda juu tena.

Baada ya misumari, kutu. Upande wa bahari, Msasani, Kunduchi, Mbweni, Kigamboni, upepo wa chumvi hula bati kwa kasi kuliko Kimara au Goba. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi kuzunguka tundu. Bati likiwa gumu, sugua kutu, paka redoksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu), acha ikauke, kisha bandika tepu ya lami. Likitoboka kwa kubonyezwa, badilisha bati hilo zima. Hapo uliza geji: namba ikikua bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwenye paa dogo la kibaraza tofauti ya bei ni ya mabati machache tu, na karibu na bahari mimi nisingeshauri bati jembamba kuliko geji 28, tena liwe na rangi ya kiwandani.

Mvua ndogo halivuji, mvua ya upepo linavuja

Dalili hii karibu kila mara inazungumzia mteremko na jinsi mabati yalivyopandana.

Pima mteremko kwa ubao wa mita moja na timazi ya maji: laza ubao ukiwa sawa, ncha moja ikigusa paa, kisha pima pengo chini ya ncha ya pili. Bati la mawimbi kwa kawaida linataka kushuka sentimita 17 au 18 kwa kila mita. Yale ya migongo mirefu huvumilia hadi kama 9. Vibaraza vingi viko chini ya hapo kwa sababu dirisha la nyumba lilikuwa juu na fundi hakuwa na nafasi. Paa la namna hiyo likipigwa na upepo, maji yanasukumwa kurudi juu, kupita chini ya ukingo wa bati.

Kabla ya kufikiria kuinua paa, jaribu hivi. Pale mabati yanapopandana kwa urefu, legeza skrubu, safisha, weka mstari wa tepu laini ya butili (mpira unaonata) kati ya bati na bati, kaza tena. Fanya hivyo pia pale bati la chini linapopokea la juu. Mpandano huo uwe sentimita 15 kwenye mteremko mkali na 25 hadi 30 kwenye mteremko mdogo. Ziba mawimbi ya ukingoni kwa vipande vya povu vilivyokatwa kwa umbo la bati. Ukiezeka upya, mdomo wa mpandano ugeuzie upepo kisogo. Masika upepo huanza kuwa kusi, kwa hiyo ukingo uliofunguka kuelekea kusini au kusini mashariki ndio utakaokusumbua.

Kuinua upande wa juu au kushusha nguzo ni kazi ya fundi, si ya Jumamosi moja.

Matone alfajiri, wala mvua haikunyesha

Hilo ni jasho la bati. Kibaraza kilichofungwa madirisha yote kina hewa yenye unyevu, hasa kama jikoni au bafu linafungukia humo au nguo zinaanikwa ndani. Usiku wa anga safi bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, unyevu unaganda kama matone upande wa ndani, na kufikia saa kumi na moja alfajiri unadondoka. Kuhakikisha, futa sehemu moja kavu jioni na ubandike kipande cha nailoni kwa tepu kingo zote nne. Asubuhi nailoni ikiwa na maji upande wa chumbani huku nyuma yake pakavu, hakuna kinachovuja.

Fungua matundu ya hewa juu, ukutani kwenye ile pembetatu ya ubavuni, pande zote mbili, na uweke wavu wa mbu. Hiyo peke yake humaliza nyingi ya kesi hizi. Ukiziba paa kwa silikoni zaidi, jasho litaongezeka.

Ndani ya polikaboneti kuna maji, ukijani au vumbi

Karatasi zenye vyumba vya ndani lazima vijia vyake vishuke kufuata mteremko. Zikilazwa kwa upana, maji yanayoingia hayatoki kamwe. Kama zimelazwa vizuri, kosa liko kwenye ncha. Ya juu huzibwa kwa tepu ya foili isiyopitisha kitu, ya chini kwa tepu yenye vitundu inayotoa maji na kuzuia wadudu. Watu hutumia selotepu ya kawaida; jua linaimaliza upesi. Shusha karatasi, puliza vijia kwa maji safi, ikaushe kwa kuisimamisha kivulini, weka tepu sahihi. Usiisafishe kwa thina wala petroli. Sabuni ya maji na kitambaa laini tu.

Ikiwa imegeuka njano na kuwa kavu kama ganda la yai, huenda ililazwa kichwa chini. Kwa karatasi nyingi upande mmoja tu una kinga ya jua, na kiwandani hubandikwa nailoni yenye maandishi kuonyesha upande huo. Fundi akiivua nailoni kabla ya kutia alama, anabahatisha. Karatasi iliyokwisha kuungua hairekebishiki.

Nyufa zinazoanzia kwenye skrubu zina sababu nyingine. Plastiki hii hutanuka sana: karatasi ya mita nne, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kama milimita 8. Tundu la skrubu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, na washa iwe pana ya kufunika. Milio ya kukwaruza wingu likipita juani ni mtanuko huo huo. Kama hakuna ufa, iache.

Mchana hakukaliki

Usiguse suala hili kabla paa halijapita mvua kubwa angalau moja bila kuvuja. Dari na povu la kuzuia joto vikiwekwa chini ya paa bovu huficha uvujaji hadi mbao zioze.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba jua la saa sita hupita utosini, na miezi ya katikati, ambayo ndiyo ya joto, halitoki mbali na hapo. Kwa hiyo joto la kibaraza linatoka juu. Pazia kwenye dirisha halisaidii sana, na pazia chini ya polikaboneti linasaidia kidogo tu, maana jua limeshaingia. Lizuie likiwa nje.

Kwa paa la plastiki, njia rahisi kuliko zote ni neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche, ikafungwa juu ya paa kwenye fremu ya mbao au bomba ikiacha nafasi ya kiganja kimoja ili hewa ipite. Ichukue ile ya asilimia 70 au 80. Ifunge kwa kamba zinazofunguka upesi ili uishushe mapema, la sivyo upepo wa masika utaichana na kuondoka na fremu.

Kwa paa la bati, paka nyeupe. Bati lenye kutu au rangi ya giza huweza kupita nyuzi 60 mchana. Jeupe linabaki chini ya hapo kwa nyuzi nyingi. Osha bati kwa sabuni, sugua kutu, paka praima ya mabati kisha mikono miwili ya rangi ya paa inayochanganywa na maji. Chokaa usiipake kwenye bati la zinki.

Ukiwa na pesa kidogo zaidi, weka foili chini ya papi na dari chini yake. Foili inafanya kazi tu ikiwa na nafasi ya hewa, sentimita mbili au tatu, kati yake na bati. Ikigusana na bati inapitisha joto kama bati lenyewe. Kama ina upande mmoja tu unaong'aa, ugeuze chini kuelekea uwazi wa dari, kwa sababu unaotazama juu utafunikwa na vumbi. Dari ya jipsamu ifunike povu lolote utakaloweka. Povu jeupe lililoachwa wazi hushika moto haraka na kutoa moshi wa sumu, na waya za umeme zipite ndani ya paipu zake, zisilale juu ya povu wala juu ya foili. Matundu ya hewa niliyotaja kwenye jasho la bati yabaki wazi. Ndiyo yanayotoa joto lililonaswa juu ya dari.

Hapa acha kabisa

Bati au fremu ya alumini ikikupiga shoti hata kidogo, zima meni switchi, waondoe watoto kibarazani, ita fundi umeme mwenye leseni. Maji yakitoka kwenye taa au soketi, vivyo hivyo.

Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, huenda ni asbesto. Usitoboe, usikate, usisugue kwa brashi ya waya. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huleta saratani. Tafuta watu wenye vifaa na kibali cha kuiondoa.

Paa likibonyea katikati, au gata likijaa maji na papi zikilia, usisimame chini yake.

Na ukimwita fundi, mwonyeshe alama zako za chaki, mwambie ulichojaribu na matokeo yake. Mkubaliane kwa maandishi geji ya bati, aina ya silikoni na urefu wa mpandano. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako hadi mpira wa maji upite juu ya paa kwa nusu saa, wewe ukiwa ndani na tochi.